Kwa mama mwenye mizani, Majengo Dodoma: waya wa kopa, waya wa kuvishwa na ethi rodi

Kama unajenga Dodoma na umefika hatua ya umeme, pita duka hili kabla hujanunua hata mita moja ya waya. Liko nyuma ya soko la Majengo, ule upande wa maduka ya hadwea, bango la bluu limeandikwa tu VIFAA VYA UMEME JUMLA NA REJAREJA, jina hakuna, ila ukiuliza "kwa mama mwenye mizani" hata bodaboda wanakupeleka. Hiyo mizani ndo imenifanya niandike, maana hapa mjini sijaona pengine wanapopima roli ya waya kwa kilo mbele ya mteja alafu wanakwambia hii kopa tupu, yaani shaba nyekundu, hii alminiamu imevishwa kopa, bei ya hii ni hii na ya hii ni hii, chagua mwenyewe.

Kwa ambaye hajawahi kukutana na hili jambo, liko hivi. Kuna waya zinashuka na makontena kutoka China zimeandikwa ukubwa wa 2.5 au 1.5 kama waya nyingine zote, ukichuna plastiki unaona kopa inang'aa safi kabisa, hata fundi mzoefu akiangalia kwa macho tu anapita nayo, kumbe ile kopa ni ngozi, ndani ni alminiamu. Na sio kwamba wamepaka rangi, hapana, ni kazi ya kiwandani ya uhakika, wanachukua fimbo nene ya alminiamu wanaizungushia bamba la kopa, wanaunga lile bamba, wanaibana na kuivuta na kuivuta mpaka metali mbili zinashikana zinakuwa waya mmoja mwembamba. Kiwango kinachojulikana ni kopa asilimia 10 au 15 ya ujazo wote, basi. Viwanda vinavyotengeneza havifichi, vina bidhaa hiyo kwa jina lake na ina viwango vyake vya kimataifa, na kuna kazi inafanya vizuri tu. Tatizo linazaliwa njiani, kati ya mwenye kontena na muuza rejareja, roli inaondoka kule ikijulikana ni alminiamu ya kuvishwa, ikifika kwenye shelfu za huku imeshakuwa "kopa orijino mzee, hii hata Tanesco wanatumia".

Sababu ni pesa tu. Mei 2024 tani ya kopa kwenye soko la London ilivuka dola 11,000, wakati alminiamu ilikuwa dola elfu mbili na mia kadhaa. Alafu kumbuka kopa ni nzito, sentimita moja ya ujazo ni gramu 8.96 wakati alminiamu ni gramu 2.7, kwa hiyo kwa waya wa unene uleule unahitaji kilo zaidi ya mara tatu na kila kilo ni ghali mara nne. Mtu anayeuza alminiamu kwa bei ya kopa anapata faida ambayo hakuna biashara halali ya vifaa vya ujenzi inaitoa. Na kinachoniuma zaidi ni kwamba kopa ya Zambia na Kongo inapita hapahapa kwetu, malori yanaingia Tunduma kila siku na vipande vya kopa vimefungwa vizuri, yanateremka mpaka bandari ya Dar, meli inapakia kwenda China ambao ndo wanunuzi wakubwa kuliko wote duniani, alafu sisi barabara yetu imebeba mzigo wote huo tunarudishiwa ngozi ya kopa juu ya alminiamu na tunaambiwa tulipe kamili.

Sasa turudi dukani. Nilienda na fundi kuchukua waya za nyumba tunayomalizia Nzuguni. Nikamwamkia mama, akaitika, akauliza "mwanangu unajenga wapi", nikamwambia, kabla hajauliza nataka roli ngapi akauliza ndani ya nyumba kutakuwa na vitu gani, kuna hita ya maji, kuna jiko la umeme, kuna pampu ya kisima. Hilo swali tu lilinitosha kujua nimefika kwa mtu anayejua anachouza. Akatoa roli mbili nyekundu, zote zimeandikwa 2.5 single mita 100, yaani waya mmoja tu ndani ya plastiki yake, zinafanana mpaka kwenye karatasi ya juu. Akaweka ya kwanza kwenye mizani, ikasoma kilo tatu na kitu. Akaweka ya pili, kilo mbili haikufika. Akasema "plastiki inalingana mwanangu, tofauti yote iko ndani".

Hesabu yake ni rahisi na naiweka hapa mtu aichukue. Waya wa 2.5 maana yake ukiukata uso wake ni milimita za mraba 2.5. Kwa mita 100 unapata sentimita za ujazo 250 za metali. Zidisha kwa 8.96, unapata kilo 2.24 za kopa peke yake, ukiongeza plastiki roli ya single inakaa kama kilo tatu. Ile ya kuvishwa yenye kopa asilimia 10 metali yake haifiki hata kilo moja, ni gramu kama 830. Kwa 1.5 ya taa, kopa ya mita 100 ni kilo 1.34 bila plastiki. Ila angalia na urefu, kuna roli zinauzwa kama za mita 100 kumbe ni yadi 100 ambazo ni mita 91, kwa hiyo uliza urefu kwanza ndo upime. Na mizani inakamata kitu kingine ambacho watu hawakifikirii, waya ambao ni kopa kweli kabisa lakini mwembamba kuliko ulivyoandikwa, huo ukiukwangua ni kopa, ukiuchoma ni kopa, kila jaribio unapita, kwenye mizani unaanguka.

Baada ya mizani akatoa kisu. Akakwangua waya wa kwanza, chini ya wekundu kuna wekundu. Wa pili akakwangua kidogo sana, ikatoka rangi ya fedha. Akaukata akatupa tuangalie ncha yake kwenye mwanga wa mlangoni, unaona kabisa katikati nyeupe na pembeni duara jekundu jembamba kama unywele. Akaukunja hapo hapo mbele na nyuma, ukakatika mapema, wa kopa aliukunja mpaka akachoka mwenyewe. Fundi akauliza kwani mama usitumie sumaku, ndo inavyofundishwa mtaani, akajibiwa vizuri sana kwamba sumaku haishiki kopa na haishiki alminiamu pia, kwa hiyo hapa haikusaidii chochote, sumaku inakamata waya wenye chuma ndani tu. Nimewahi kusikia mafundi wengi wakiapa kwa sumaku na waya wa alminiamu unapita mikononi mwao wanasema ni safi, hili naomba lisambae.

Mtu anaweza kusema sawa ni alminiamu lakini si inapitisha umeme. Inapitisha, ila uwezo wake ni kama asilimia 60 na kidogo ya kopa, maana yake kwa mzigo uleule joto linalotoka kwenye waya linazidi mara moja na nusu. Breka yako ya ampia 20 imewekwa kulinda 2.5 ya kopa, yenyewe haijui kwamba ndani ya ukuta kuna kitu kingine, inatulia wakati waya unapika plastiki yake taratibu. Alafu kwenye maungio ndo kubaya zaidi. Alminiamu ni laini, ukiikaza na skrubu ya soketi inabonyea, ikipata joto inatanuka ikipoa inarudi, baada ya muda ile skrubu imelegea, na pale ulipochuna plastiki ncha ya alminiamu imekaa wazi inashika kutu nyeupe isiyopitisha umeme, inaanza cheche ndogondogo. Ile harufu ya plastiki kuungua nyuma ya soketi ya pasi, au soketi iliyogeuka kahawia upande mmoja, wengi wetu tumeiona kwenye nyumba za kupanga. Zamani nyumba ilikuwa taa nne na redio, mzigo mdogo. Sasa hivi serikali yenyewe inahimiza nishati safi ya kupikia, mkakati uliozinduliwa 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe huko ifikapo 2034, majiko ya umeme na presha kuka zinaingia majumbani, na mji huu unajengwa kila kona, Nzuguni, Iyumbu, Ihumwa, Mtumba, Nala, nyumba mpya kila wiki. Waya unaoingia ukutani leo ndo utabeba hayo majiko miaka ishirini ijayo, na ukishapiga plasta hakuna anayeurudia.

Kilichonifurahisha ni kwamba mama hasemi vitu vya kuvishwa ni vibaya vyote, na yuko sahihi kabisa. Waya wa dishi kwa mfano, ile ya king'amuzi, ya katikati mara nyingi ni chuma kimevishwa kopa, na ni sawa tu maana mawimbi ya kasi ile yanapita juujuu kwenye ngozi, ndani hata kukiwa na chuma hakuna shida. Koili za spika nyingi nazo ni alminiamu ya kuvishwa kwa sababu ni nyepesi. Ila waya za kompyuta na kamera zinazobeba umeme humohumo, hizo akakataza kabisa za kuvishwa, na viwango vya waya za mtandao navyo vinataka kopa tupu.

Ethi rodi, ile fimbo inayozikwa ardhini kupeleka chini umeme uliovuja, ndo mfano mzuri kuliko yote. Ethi rodi nzuri kwa kawaida ni chuma kigumu ndani na kopa nje, na sumaku itashika, watu wengi wakiona imeshika wanasema feki wanairudisha. Sio feki. Chuma kiko pale kwa sababu unaipiga nyundo ishuke ardhini, na ardhi yetu ya Dodoma kiangazi ni kama saruji, fimbo ya kopa tupu ingejikunja kabla ya kufika nusu. Kopa iko nje kwa sababu chuma kitupu kingeliwa na kutu. Kila metali inafanya kazi yake. Cha kuangalia ni unene wa hiyo kopa, rodi za kiwango zinakuwa na maikroni 254, yaani robo milimita, wakati zile za bei ya kutupa zimepakwa tu, ukipitisha tupa mara moja kopa yote imeondoka, na ukiipiga kwenye mawe inachubuka kabla haijamaliza kushuka, chuma kinabaki wazi. Pale dukani kuna tupa imening'inizwa kwa kamba karibu na rodi, unaruhusiwa kukwangua mwisho wa rodi yoyote ile. Mimi nilikwangua tatu, mbili zilikuwa na kopa ya maana, ya tatu chuma kilitokea haraka, mama akaitoa kwenye rundo akaiweka pembeni bila ubishi.

Na kwa Dodoma urefu wa rodi ni jambo la kubishania. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, Desemba mpaka Aprili hivi, mwaka mzima milimita mia tano na kitu, baada ya hapo udongo wa juu unakauka mpaka unapasuka. Udongo mkavu haupitishi umeme vizuri, kwa hiyo rodi ya mita 1.2 iliyopimwa Februari ikaonekana safi, Oktoba haina kazi. Mama anauza za kuungana, unashusha moja unaongeza nyingine juu yake mpaka ufike kwenye unyevu, au unaweka mbili mbalimbali, umbali usipungue urefu wa rodi yenyewe, unaziunganisha. Habari ya kumwaga chumvi pale chini hakuipenda, akasema chumvi inasaidia mwanzoni alafu inaila metali na mvua inaiondoa, na mimi nakubaliana naye.

Nilimuuliza anapataje mzigo wa kueleweka wakati wengine wananunua Kariakoo kwa macho. Anaagiza kupitia mtu wa Dar anayekusanya mizigo ya wengi kwenye kontena moja, na anachodai kabla ya kutuma hela ya mwisho ni karatasi ya mzigo yenye idadi ya roli na kilo halisi bila maboksi. Anagawanya. Kilo gawanya kwa roli, jibu likija kilo moja na nusu kwa roli ya 2.5 anajua ameletewa alminiamu hata kama ankara imeandikwa kopa. Akanieleza pia mambo ya forodha ambayo sikuwa nayafahamu vizuri. Kwenye ule mfumo wa namba za bidhaa unaotumika duniani, kanuni ni kwamba kitu cha metali mbili kinahesabiwa ni cha ile yenye uzito mkubwa, na kopa ya asilimia 10 ya ujazo inakuwa kama asilimia 27 tu ya uzito, kwa hiyo waya mtupu wa namna hiyo kwa kanuni ni wa alminiamu. Lakini waya ukishavaa plastiki unaingia kundi la 8544, na humo wa kopa na wa kuvishwa wanaweza kukaa namba moja, namba peke yake haikwambii kilichomo. Kinachobaki ni maelezo aliyoandika mtu kwenye karatasi. Ndo maana yeye anasisitiza maelezo, na ndo maana naona kama TBS (shirika la viwango) na forodha wangelazimisha neno alminiamu liandikwe kwenye plastiki ya waya wenyewe, kila mita, kama ukubwa unavyoandikwa, nusu ya huu mchezo ingekufa.

Kwenye risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, mama anaandika hivyohivyo, "waya 2.5 kopa" kwa kopa, na ukichukua ya kuvishwa anaandika alminiamu. Usiondoke duka lolote bila hilo neno kwenye risiti. Muuzaji anayesema kwa mdomo ni kopa lakini kwenye risiti anaandika "waya" tu, jua ameacha mlango wa kutokea.

Mapungufu yapo na nayasema. Kwanza foleni, kila roli ikipimwa na kila mteja akielezwa unaweza kusimama muda mrefu, na anayejua kueleza ni mama mwenyewe, yule kijana wa kaunta ukimuuliza habari ya unene wa kopa kwenye rodi anakwambia subiri mama arudi. Pili stoo yao ni ndogo, siku ile waya wa 6 kwa ajili ya jiko ulikuwa umeisha na tukaambiwa turudi wiki inayofuata, kwa mtu mwenye mafundi wanaolipwa kwa siku hiyo ni hasara. Tatu, klampu za kubana waya kwenye ethi rodi walizonazo hazinifurahishi, ni nyembamba, moja ilipasuka fundi akiikaza kawaida tu, na ni ajabu duka linalojali rodi kiasi kile kuuza klampu za namna ile, maana rodi nzuri yenye klampu mbovu ni sawa na hakuna rodi. Tukanunua nzito kwingine. Maegesho hakuna, usafiri hawana, utatafuta bajaji mwenyewe. Na waya uliokatwa kwa mita hawarudishi, hilo ni haki yao.

Bei iko juu. Roli ya kopa pale ukilinganisha na "kopa" ya maduka mengine unaweza kuona karibu mara mbili, na bei zinabadilika kila mzigo mpya ukiingia kwa hiyo sitaandika namba ambazo mwezi ujao zitakuwa uongo. Lakini linganisha kwa kilo, sio kwa roli. Sisi tulifanya hivyo, tukachukua roli ya bei nafuu kwa jirani tukaja kuipima kwenye mizani yake, kwa kila kilo ya metali iliyokuwa ndani ile ya bei nafuu haikuwa nafuu hata kidogo. Kama hela haitoshi ni bora upunguze idadi ya soketi kwa sasa, uweke mabomba ya waya ukutani kabisa na uvute waya baadaye ukipata, kuliko kujaza nyumba nzima alminiamu.

Kitu cha mwisho ni kuhusu mafundi, na naongea kwa heshima kwa sababu wengi ni watu wazuri. Duka hili halimpi fundi cha juu. Maduka mengi fundi akileta mteja anapewa chochote, na mara nyingi chochote hicho ni kikubwa zaidi kwenye waya wa kuvishwa kwa sababu faida iko huko, kwa hiyo usishangae fundi wako akikwambia pale Majengo ni ghali, au wana maringo, au twende kwa rafiki yangu Sabasaba. Mlipe fundi hela yake ya haki, mkubaliane mapema na wazi, mwambie waya utanunua mwenyewe na yeye aje tu kuangalia. Wangu alikubali, na alipoona ile ncha nyeupe ya waya mlangoni pale aliomba kile kipande akakiweka kwenye boksi lake la vifaa awe anawaonyesha wateja wake wengine. Wanafungua saa mbili asubuhi, Jumapili wamefunga, na ukiwahi kabla ya saa nne utampata mama mwenyewe bila foleni.